Panga 358 kwenye ukuta mmoja: tathmini yangu ya makumbusho ya Izumo, Japani

Jamani nimeahidi siku nyingi kuandika hii na leo nimepata nafasi, kwa hiyo mnivumilie itakua ndefu. Ni tathmini ya Makumbusho ya Kale ya Izumo, mkoa wa Shimane, Japani, wenyewe wanaiita Kodai Izumo Rekishi Hakubutsukan, iko pembeni kabisa ya hekalu kubwa la Izumo Taisha. Nilienda na mdogo wangu wa kike anayesoma Kobe. Yeye alitaka kuona hekalu, mimi nilikua nimefuata kitu kimoja tu, bronzi za kale, yaani vitu vya shaba iliyochanganywa na bati. Kazi yangu ni kusubu, namwaga madini kwenye kalibu karibu kila siku, kwa hiyo nisomeni hivyo, sio kama mtu wa historia, ni kama fundi aliyeenda kuangalia kazi za mafundi wenzake waliomtangulia kwa miaka elfu mbili.

Nianze na jibu kabisa ili asiye na muda asihangaike: nyota tano. Kama unapenda vitu vya chuma na shaba, na una siku moja tu ya kutumia nje ya Tokyo na Kyoto, ipeleke huku. Sasa nieleze kwa nini.

Safari kwanza, haraka haraka. Tulitoka Shin-Kobe na shinkansen, ile treni ya mwendokasi, hadi Okayama, pale ukachukua treni inaitwa Yakumo inayokata milima hadi Izumoshi, kama saa tatu hivi, inapinda pinda sana kwa hiyo mwenye tumbo jepesi ajiandae. Izumoshi unapanda basi, nusu saa hivi upo. Kama unalala Matsue kuna treni ndogo ya Ichibata inayopita kando ya ziwa Shinji, unabadilisha Kawato, inafika hadi Izumo Taisha-mae, na hiyo ndo njia nzuri zaidi kwa macho. Kutoka kituoni unatembea tu.

Jengo lenyewe limechorwa na Fumihiko Maki na lilifunguliwa mwaka 2007. Unapolikaribia unakuta ukuta mrefu sana wa chuma kilichoachwa kiote kutu makusudi, kile chuma ambacho kutu yake ya juu ndo inakilinda ndani, rangi ya udongo mwekundu, halafu kando yake vioo vitupu. Mdogo wangu akaniambia, "Kaka, hawa hawajamaliza kupaka rangi?" Nikamwambia hapana, hii ni heshima kwa chuma, maana milima ya mkoa huu ndo iliyotoa chuma cha tatara kwa mamia ya miaka, mchanga wa chuma na makaa na mvukuto, chuma cha panga za Japani kilitoka huku. Nikaushika ule ukuta. Kabla hata hujakata tiketi ushaanza kusoma.

Ndani kuna mada tatu kubwa: hekalu la Izumo Taisha, maisha ya Izumo kama yalivyoandikwa kwenye Fudoki, kitabu cha kale cha maelezo ya mkoa, cha mwaka 733, na ya tatu ndo bronzi pamoja na panga za mapambo za dhahabu. Mbili za kwanza nitazipita tu. Nguzo iliyochimbwa uwanjani kwa hekalu mwaka 2000, magogo matatu makubwa yaliyofungwa pamoja kuwa nguzo moja, iko pale ukiingia na inatisha kwa ukubwa, na kuna mfano wa hekalu la kale linalosemekana lilikua na urefu wa mita 48. Vizuri sana, vitazame. Ila miguu yangu ilikua inanipeleka kwingine.

Sasa ukuta. Sijui niuelezeje. Unageuka kona, unakuta panga za bronzi zimepangwa safu kwa safu nyuma ya kioo, zote zimesimama, zote za kijani, na hazikatiki, ukidhani zimeisha kumbe zinaendelea. Ni 358. Zote zimetoka shimo moja kwenye kilima kidogo kinaitwa Kojindani, mwaka 1984, watu wakifanya upekuzi wa kawaida tu kabla ya kuchonga barabara ya mashamba. Kabla ya siku ile panga zote za aina hii zilizokua zimepatikana Japani nzima, ukizijumlisha zote, zilikua kama 300. Yaani kilima kimoja kikatoa kuliko nchi nzima! Zilikua zimelazwa kwa ubavu, makali juu, zimebanana kwenye safu nne, safu ya kwanza 34, ya pili 111, ya tatu 120, ya nne 93. Mwaka uliofuata wakachimba mita saba pembeni wakakuta kengele 6 na vichwa vya mikuki 16. Vyote hivyo leo ni hazina ya taifa na vyote viko kwenye chumba hiki.

Mi nilisimama pale nikaanza kupiga hesabu ya fundi. Upanga mmoja una urefu wa nusu mita hivi na uzito wa kama nusu kilo. Mara 358, unakaribia kilo 180 za bronzi. Kilo 180! Na zama zile, zaidi ya miaka 2000 iliyopita, Japani ilikua haichimbi shaba yake. Wamepima madini ya risasi yaliyomo ndani ya bronzi (risasi ya kila mgodi ina alama yake, kama alama ya kidole) na inaonyesha madini yalitoka bara, mwanzo rasi ya Korea, baadaye kaskazini ya China. Kwa hiyo kila gramu ilivuka bahari kwenye mtumbwi. Na watu wa Izumo walipoipata hiyo mali wakaiyeyusha, wakaisubu panga ambazo hazikati mtu, maana umbo lake lilishatoka kwenye silaha likawa kitu cha ibada, halafu wakaenda kuzifukia chini ya ardhi zote kwa pamoja. Wataalamu wanabishana mpaka leo, wapo wanaosema zilifichwa kwa hofu ya vita, wapo wanaosema kawaida zilikua zinakaa ardhini na kutolewa wakati wa sherehe, wapo wanaosema ni sadaka ya kufunga ibada ya zamani. Mimi naegemea hiyo ya mwisho, kwa jinsi zilivyopangwa. Anayeficha kwa hofu hapangi hivyo, safu ya kwanza nyingine kichwa huku nyingine kichwa kule zikipishana kwa zamu, hiyo ni kazi ya mtu mwenye utulivu.

Sasa kitu ambacho makumbusho haya yamefanya na ndo kimenifanya nitoe nyota ya tano. Pamoja na zile za kijani, wameweka nakala zilizosubiwa upya, rangi yake halisi ya siku zilipotoka kwenye kalibu. Dhahabu! Zinang'aa hadi unakunja macho. Watu wengi sana wanadhani bronzi ya kale ilikua ya kijani, hata vitabuni wanaichora kijani, kumbe ile ni kutu tu ya miaka elfu mbili ardhini. Shaba ukiitia bati rangi inatoka wekundu inakuja umanjano wa dhahabu, ukizidisha bati inaelekea weupe wa fedha. Mimi jambo hili nalijua kwa mikono yangu, lakini kulijua na kuliona ni vitu viwili, kwa sababu pale unaangalia kijani, unageuza shingo, unaona dhahabu, unarudisha shingo, na ghafla ule ukuta wote wa kijani unauona kwa akili jinsi ulivyokua, panga 358 za dhahabu zinashushwa kwenye shimo la udongo. Mdogo wangu alikua anataka tuondoke kwenda kula, ila alipofika hapo akakaa kimya. Baadae akaniuliza, "Kaka, walilia?" Sikua na jibu.

Halafu angalieni alama. Usipite hivi hivi. Kwenye sehemu ya chini ya upanga, ile inayoingia kwenye mpini, kuna alama ya X imechongwa, mistari miwili tu iliyokatana. Ipo kwenye panga 344 kati ya 358. Imechongwa baada ya kusubu, unaiona kabisa patasi ilivyong'ata, mkono mwingine umekaza mwingine umelegea. Ingekua imetoka kwenye kalibu ingefanana zote. Kwa hiyo kuna mtu, au watu, walikaa na patasi wakapiga X moja moja mara 344. Na sehemu ile ukishatia mpini haionekani tena! Nilipiga magoti kuiona vizuri kwenye safu ya chini na mlinzi akaja, nikadhani atanifukuza, kumbe ananionyesha kwa kidole pembe ambayo mwanga unaipiga vizuri zaidi. Akainamisha kichwa akaondoka. Huduma ya namna hiyo siisahau.

Na X hiyo hiyo unaikuta tena kwenye kengele za Kamo-Iwakura, ndo maana lazima uangalie kwa mpangilio, panga kwanza kengele baadae. Kamo-Iwakura ni kama kilomita tatu na kidogo tu kutoka Kojindani. Tarehe 14 Oktoba 1996, barabara ya mashamba tena, katapila linachimba mlima likatoa kengele za bronzi. Zikahesabiwa 39, hakuna sehemu nyingine Japani iliyowahi kutoa kengele nyingi hivyo mahali pamoja. Zipo za sentimita 45 hivi na zipo za 30 hivi, na zile ndogo zilikua zimeingizwa ndani ya kubwa kama sufuria zinavyowekwa moja ndani ya nyingine. Ukijumlisha za Kojindani na hizi unapata bronzi 419 za hazina ya taifa chini ya paa moja. Na zamani vitabu vya shule vya Japani vilikua vinagawa nchi mara mbili, magharibi huko Kyushu watu wa silaha za bronzi, huku katikati watu wa kengele. Kojindani ikatoa kengele na mikuki kwenye shimo moja, mgawanyo ukavunjika siku hiyo hiyo.

Kengele zenyewe zinaitwa dotaku, na hapa naomba mnipe nafasi kwa sababu ndo ninachokipenda kuliko vyote. Usifikirie kengele ya shule. Ni kama mfuko uliobanwa kidogo ubavuni, juu una kishikio cha upinde, pembeni kuna ukingo mwembamba uliotokeza kama pezi. Ndani ulikua unaning'inia ulimi, mrefu, na chini kabisa kwa ndani kuna ukanda umetokeza ambapo ulimi unagonga. Za mwanzo ukizichungulia ukanda huo umelika, umelainika, kuonyesha zilipigwa kweli na zilipigwa sana. Baadae zikaanza kukua, kukua, mapambo yakaongezeka, hadi zikawa za kutazamwa tu. Mwanaakiolojia Tanaka Migaku ndo alizigawa hivyo, kengele za kusikiliza na kengele za kutazama, na ukishaambiwa hivyo hutaacha tena kuziangalia kwa jicho hilo.

Ila usubuji wake! Ukuta wa kengele una unene wa milimita tatu hivi, sehemu nyingine chini ya hapo. Kwa anayesubu naomba asome tena, milimita tatu, kitu cha karibu nusu mita, mtupu ndani, na mapambo pande zote mbili. Wanatengeneza kalibu ya nje vipande viwili, mwanzo walikua wanachonga kwenye jiwe, kule Higashi-Nara mkoa wa Osaka ilipatikana kalibu ya jiwe karibu nzima, baadae wakahamia udongo. Katikati wanaweka moyo wa udongo. Ile nafasi kati ya moyo na kalibu ndo inakua kengele, na lazima iwe sawa pande zote, moyo ukisogea milimita moja tu upande mmoja unakua mnene na mwingine unatoboka. Kwa hiyo wanaweka vipande vidogo vya kushikilia moyo usihame, na vile vipande vikitoka vinaacha matundu. Ndo maana kila dotaku unaona matundu kwenye mwili na juu, watu wanapita wanadhani ni uharibifu au mapambo, hapana, ni alama ya fundi aliposhikilia moyo wake.

Na kuna makosa. Nendeni mkatafute makosa! Sehemu ambazo bronzi haikufika, ikapoa njiani, ikaacha pengo, na fundi akalirudia, akaweka udongo pande zote akamwagia bronzi nyingine juu ya pengo lile, ikashika. Kiraka hicho unakiona, kimevimba kidogo, ule mchoro wa mistari unafika hapo unakatika. Nilikaa kwenye kiraka kimoja muda mrefu kuliko nilivyokaa kwenye kitu kingine chochote siku ile. Nilijua kabisa alichokisikia yule mtu alipovunja kalibu akaona tundu, maana madini yalikua ya kuvuka bahari, huwezi kusema tutupe tuanze upya kirahisi, na mimi nikitoboa sufuria nasikia vile vile tumboni.

Mwaka mmoja kabla nilikua nimejiandikisha darasa la kusubu kioo cha kale, mkoa mwingine, sehemu sitaitaja. Vioo vya zamani vya Japani vilikua vya bronzi, upande mmoja mapambo upande mwingine unasuguliwa hadi unaonyesha uso. Darasa lilikua la haraka mno, kalibu tulizikuta zimeshatengenezwa, madini yenyewe ni yale laini yanayoyeyuka kwenye jiko la kawaida, hilo sio tatizo, usalama kwanza. Tatizo mwalimu hakutuambia kalibu ipashwe moto, na tulikua wengi anatukimbiza. Nikachukua kijiko, nikaanza kumwaga, mtu akanigonga kiwiko nikasita kama sekunde moja. Sekunde moja tu. Kilipopoa nikafungua nikakuta mstari unapita katikati ya kioo, pale madini ya kwanza yalipopoa yasiungane na ya pili, na mwisho wa mstari tundu dogo la kupitisha punje ya mchele. Nikaambiwa ni kawaida, basi, nisugue msasa. Nilisugua masaa mawili, msasa mkali, msasa wa kati, msasa laini, mwishoni nikaanza kuona nyusi zangu, halafu pua, na ule mstari upo pale pale kwenye paji la uso. Kilichoniumiza sio kuharibika, ni kwamba hakuna aliyeniambia kwa nini. Izumo ndo nimeambiwa kwa nini, na walioniambia ni kengele zenyewe, ambazo mafundi wake walipata shida ile ile wakatafuta njia.

Vioo pia vipo. Kuna kimoja kinatoka kaburi la Kanbara, humo humo Shimane, kipenyo sentimita 23 hivi, kimeandikwa mwaka kwa maandishi ya Kichina, mwaka wa tatu wa Jingchu, jina la kipindi cha utawala huko China, ambao ni 239. Na mwaka 239 ndo ule ambao wasomi wengi wanasema mjumbe wa malkia Himiko wa Japani alifika ufalme wa Wei huko China, na kumbukumbu za Wei zinasema malkia akapewa zawadi ya vioo vya bronzi 100. Kama hiki ni kimojawapo au la wasomi wamegombana miaka mingi, ila kusimama mbele ya tarehe iliyosubiwa kwenye bronzi, unaisoma, ni kitu kingine kabisa.

Niseme na kwingine kidogo ili mtu akiwa hawezi kufika Izumo asikose. Tokyo, makumbusho ya taifa pale Ueno, jengo la Heiseikan chini, wana dotaku kubwa kuliko zote zilizopatikana, imetoka Yasu mkoa wa Shiga mwaka 1881, urefu sentimita 134.7 na uzito kilo 45. Hiyo ni ya kutazama, sio ya kupiga, na mtu wa kusubu atakaa mbele yake aombe maji. Kobe kwenye makumbusho ya mji kuna za Sakuragaoka, kengele 14 na silaha 7 zilizopatikana 1964, na mbili kati yake zina picha ndogo ndogo za watu, wawindaji, kulungu, kasa, na watu wanatwanga kwenye kinu. Kinu kimesimama, michi imeinuliwa juu. Mdogo wangu anakaa Kobe miaka miwili alikua hajawahi kwenda kuiona! Tumerudi Kobe tumeenda kesho yake. Akaangalia ile picha akacheka kwa furaha akasema "huyu wa kulia anatwanga kama bibi". Za Tokyo na Kobe ni nzuri mno, ila kule unaona kimoja kimoja, kila kimoja mfalme peke yake. Izumo unaona kundi zima pamoja kama lilivyofukiwa, na ndo inayokuonyesha kulikua na watu, mafundi, mvukuto, safari za bahari, na sio kitu kimoja kizuri kwenye sanduku la kioo.

Ushauri wa vitendo sasa. Tenga masaa manne kwa uchache, usifanye kama makundi yanayoshuka kwenye basi wakitoka hekaluni, dakika arobaini wameshamaliza. Nenda asubuhi. Tiketi ya maonyesho ya kudumu nilipoenda ilikua bei ndogo, haikufika yen elfu moja, kwa nilichokiona ningelipa mara tano. Kabla hujanunua nauli angalia tovuti yao kama wako wazi, maana makumbusho ya Japani yana siku zao za kufunga na wakati mwingine wanafunga muda mrefu kwa ukarabati, na safari ya Izumo sio ya kwenda kubahatisha. Beba miwani kama unatumia, alama za X ni ndogo. Njaa ikikushika nje kuna soba ya Izumo, aina ya tambi, nyeusi nyeusi, inakuja kwenye vibakuli vya mviringo vimepandana, unamwagia mchuzi kwenye cha juu ukimaliza unahamisha mchuzi kwenye cha chini.

Na usinunue kengele za ukumbusho mtaani bila kuziangalia. Duka moja nilinunua dotaku ndogo ya kumpelekea mzee mmoja tunayefanya naye kazi, nimefika nimeikwangua kidogo chini na ukucha, kijani kikatoka, ni rangi ya kupaka juu ya plastiki iliyotiwa unga wa madini. Aliyeniuzia aliniambia ni bronzi. Nyanyua kwanza, isikie uzito, igonge na ukucha, bronzi inajibu.

Kama una siku ya pili nenda Kojindani yenyewe. Unashuka kituo cha Shobara unatembea kama nusu saa kati ya mashamba. Shimo limeachwa pale pale kwenye mteremko wa kilima, na nakala za panga zimelazwa kama zilivyokutwa, safu nne, unasimama upande wa pili wa bonde unaziangalia. Kilima ni kidogo sana. Nilitegemea mlima, kumbe ni kitu ambacho mtoto anakipanda mbio. Chini yake kuna madimbwi ya yungiyungi wa aina ya kale, yanachanua kuanzia Juni hadi Julai, sisi tulienda Novemba tukakuta majani makavu tu na upepo. Hatukukuta mtu mwingine. Mdogo wangu alikaa kwenye benchi mimi nikabaki nimesimama nikihesabu safu ya kwanza kwa mbali, nikafika 34.

Kile kioo changu chenye tundu nilikua nimekitupa kwenye boksi la vyuma chakavu. Niliporudi nilikitafuta nikakipata, nikakipasha moto taratibu, nikazungushia udongo nyuma na mbele, nikamwagia juu. Imeshika. Kiraka kimevimba kidogo upande wa kushoto.